Datsun 240Z ya mjomba: shajara ya waya zilizoliwa na chumvi

8 Juni 2024. Hali ilivyo

Haya, naanza kuandika manake nshaulizwa sana na watu wenye magari ya zamani huku pwani, na kila mara narudia hadithi ile ile toka mwanzo.

Gari ni Datsun 240Z ya 1972, usukani kulia, injini L24 ya silinda sita, cc 2393, kabureta mbili. Ni ya mjomba. Aliinunua mkononi mwa mtu, na kisa ni Safari Rally tu, manake 1971 Edgar Herrmann alishinda na gari kama hii na 1973 Shekhar Mehta akashinda nayo tena, basi kwa mjomba baada ya hapo hakuna gari ingine iliyowahi kutengenezwa duniani. 2009 akaipaki Mtwapa chini ya mwembe, akasema ni wiki mbili tu anatafuta spea ya klachi. Nyumba yenyewe iko karibu na maji, Kusi ikianza kuvuma ukiamka asubuhi madirisha yameota chumvi. Sasa hesabu mwenyewe, miaka kumi na tano.

Breki, tangi, kabureta, klachi na matairi nilimaliza mwaka jana, hayo siandiki. Injini inawaka ikitaka. Hii shajara ni ya stima peke yake, na stima ndio imenifanya mara mbili nifikirie kuirudisha chini ya mwembe.

Ilivyo leo: taa kubwa ya kushoto haiwaki kabisa, ya kulia inawaka kama koroboi. Ukikanyaga breki taa za indiketa za nyuma nazo zinawaka kidogo, kwa uvivu. Geji ya mafuta inapanda ukizima feni. Betri mpya nikiiacha Ijumaa, Jumatano haina kitu. Boksi la fyuzi, ambalo kwenye 240Z liko ndani ya konsoli katikati ya viti, plastiki yake imeyeyuka sehemu ya taa, na kuna mtu huko nyuma aliwahi kuzungushia fyuzi karatasi ya sigara, ile ya kung'aa. Wallahi sikucheka.

Nimenunua betri shilingi 8,500 na multimita, kifaa cha kupimia umeme, 1,800. Jumla 10,300.

15 Juni 2024. Msasa (usifanye hivi)

Wiki ya Idi, muda upo kidogo. Nikaona nianze na boksi la fyuzi manake ndilo linaloonekana vibaya. Fyuzi za 240Z ni zile za kioo zenye vichwa vya chuma, zinakaa kwenye vibano, na vibano vyote vilikua na kutu ya kijani. Nikachukua msasa nikasugua mpaka shaba ikawa inang'aa kama sufuria ya harusi, nikapuliza dawa ya kusafisha koneksheni (650), nikarudisha fyuzi mpya. Taa ya kushoto ikawaka! Nikampigia mjomba simu nikamwambia kazi imeisha.

Jumla 10,950.

29 Juni 2024. Multimita ilinidanganya

Kazi haijaisha. Siku kumi tu na vibano vimerudi kijani, tena vibaya zaidi kuliko mwanzo. Kumbe vile vibano vilikua vimepakwa madini juu ya shaba ili visiliwe, na mimi na msasa wangu nimeyatoa yote, shaba iko uchi na hewa ya bahari haina subira. Ukitaka kusafisha kitu kama hiki tumia brashi laini na dawa, na kama kutu ishaingia ndani ya chuma badilisha, usisugue.

Lakini kosa kubwa la wiki sio hilo. Taa ya kushoto ilizima tena, nikaanza kupima waya moja moja na multimita ikiwa kwenye ile alama ya kulia. Unaweka ncha moja huku, ncha ya pili kule, ikilia waya ni nzima. Waya zote zililia. Swichi ililia. Plaga ya taa ililia. Nikabadilisha balbu, bado. Nimekaa na hii kitu Jumamosi nzima nikaona sasa hii gari ina jini.

Jumapili nikamleta fundi mmoja mzee wa Majengo, kazi yake stima za magari tangu nikiwa sijazaliwa. Hakubeba multimita. Amebeba balbu ya taa kubwa imechomewa waya mbili ndefu zenye meno ya mamba, basi. Nikamwambia Mzee, waya nimeshapima zote ziko sawa. Akaniambia, "Mwanangu, waya usiiulize kama iko hai. Ipe mzigo uone kama itabeba."

Akachomeka balbu yake mwisho wa waya ya taa. Ikawaka nyekundu kama makaa yanayokufa. Akapasua ganda la waya kwa wembe, ndani nyuzi karibu zote zimekua unga mweusi, zimebaki mbili. Nyuzi mbili zinatosha kuifanya multimita ilie, manake ile inapitisha umeme mdogo mno, lakini taa ya wati 55 inataka ampea nne na kitu na nyuzi mbili haziwezi.

Kwa hivyo sasa napima hivi, na hii ndio nakuomba uinakili kama hutanakili kingine chochote: washa taa, zikiwa zimewaka, weka multimita kwenye volti, ncha moja mwanzo wa kipande na ncha ingine mwisho wa kipande hicho hicho. Kipande kizima kitakuonyesha karibu sifuri. Kikionyesha volti, hizo ndizo zinazoibiwa hapo. Betri ilikua 12.4 na kwenye balbu ya kulia zilifika 9.7. Zile 2.7 nilizipata zilipopotea: boksi la fyuzi 0.9, plaga ya mbele karibu na rejeta 0.8, swichi ya kwenye usukani 0.7, njia ya kurudi kupitia swichi ya fulu na dimu 0.3. Kila mahali panaiba kidogo, ndio maana kurekebisha sehemu moja hakusaidii. Na hizo volti haziendi bure, kwa ampea nane za taa mbili ni karibu wati 22 zinageuka joto njiani, na karibu saba kati ya hizo zinakaanga plastiki ndani ya konsoli. Ndio ile plastiki imeyeyuka. Yule wa karatasi ya sigara alisaidia tu.

Nikajaribu kuokoa waya badala ya kubadilisha. Shaba ikishakua nyeusi risasi ya kuchomelea haishiki, inateleza kama maji kwenye jani la mgomba. Nikalowesha ncha kwenye siki na chumvi, ikawa nyekundu safi, risasi ikashika, nikafurahi. Siku tatu baadaye pale pale pamekua kijani kibichi. Siki ilibaki ndani ya ganda ikaendelea kula. Nikarudia, safari hii baada ya siki nikachovya kwenye maji ya bikaboneti, ile ya kulainishia maharagwe, kisha maji safi, kisha nikakausha. Hiyo inafanya kazi, lakini kwa ncha ya sentimita tano tu. Weusi umepanda ndani ya ganda mpaka nusu mita kwenye waya zingine, huwezi kuzamisha gari zima kwenye siki.

Siki na bikaboneti 200. Fundi alikataa pesa akataka chai na mahamri. Jumla 11,150.

13 Julai 2024. Natoa hanesi yote ya mbele

Nimeamua. Sio kiraka tena, hanesi ya mbele, yaani lile fungu la waya, yote inatoka, ya dashibodi nitaitoa kidogo kidogo, ya nyuma nitaiangalia mwisho. Gereji moja niliyouliza walitaka 85,000 kazi tu bila vifaa, nikaona nijifunze.

Kabla ya kukata chochote nilipiga picha kila plaga, nikafunga karatasi ya tepu kila waya nikaandika inatoka wapi inaenda wapi. Usiandike na kalamu ya wino wa kawaida, jasho la Mtwapa limefuta nusu ya maandishi yangu, ikabidi nirudi kwenye picha. Rangi za waya pia usiziamini sana, nyeupe imekua kahawia, nyekundu imekua kahawia, kila kitu kahawia. Kata ganda sentimita moja karibu na plaga, ndani rangi bado ipo.

Hanesi nimeilaza kwenye mbao ya plaiwudi, nimepigilia misumari kila inapopinda na kila tawi linapotoka, halafu mpya naifuata misumari ile ile. Hii ilikua kazi tamu kusema kweli, usiku kuko baridi kidogo, redio, kahawa tungu.

Nilichokuta ndani ya hanesi ya zamani: mita nzima ya waya ya nyumba, ile ngumu ya uzi mmoja, mtu aliunga kwenye honi. Waya ya nyumba haifai kwenye gari, gari linatetemeka na uzi mmoja ukitetemeshwa kila siku unakatika, tena unakatikia ndani ya ganda usione. Na panya, wamekula ganda sehemu tatu.

Vifaa nimeagiza Nairobi, Grogan kwenye maduka ya spea, vimekuja na basi. Vilichelewa manake wiki ile ya maandamano maduka mengi mjini yalifungwa. Waya mita 62, mili 1 ya mraba kwa taa ndogo na geji, mili 2.5 kwa taa kubwa, mili 10 kwa njia ya altaneta, ile inayochaji betri, na betri yenyewe, wastani 70 kwa mita, 4,340. Tamino, vile vichwa vya kuunganishia waya, 1,500. Koleo la kubana tamino 3,200, hili nililipa huku naumia lakini usinunue lile la 400, linaponda tu halibani, nilianza nalo nikivuta waya inatoka mkononi. Mipira ya kunywea kwa moto 1,100. Tepu ya hanesi rola nne 1,400. Usafiri 500.

Kubana au kuchomea risasi? Mimi nabana, halafu mpira wenye gundi ndani. Risasi inapanda kwenye nyuzi na kuzifanya ngumu, na pale ngumu inapokutana na laini ndipo zinapokatika. Mzee wa Majengo hakubaliani na mimi, yeye anachomea kila kitu na gari zake zinatembea, kwa hivyo fanya unavyoona.

Tepu: niliwahi kufunga kipande na tepu ya kawaida ya umeme, jua la saa nane chini ya boneti gundi ikatoka ikawa kama asali, vumbi likashika. Nimefungua nikaosha na petroli nikafunga upya na ile isiyo na gundi. Saa nne za maisha yangu.

Jumla 23,190.

27 Julai 2024. Moshi

Hii naandika kwa aibu.

Kwenye 240Z ampmita, ile mita ya ampea za kuchaji, ni ampmita kweli, sio ya mapambo. Umeme wote wa kuchaji unatoka mbele, unapita kwenye ukuta wa injini, unaingia nyuma ya dashibodi kwenye ile mita, halafu unatoka tena. Waya nene nyeupe inaingia na nyeupe yenye mstari mwekundu inatoka. Tamino zake zikila kutu zinapata moto, na ziko nyuma ya dashibodi ambako huoni wala kunusa mpaka uchelewe. Nikaamua kuitoa, waya mbili niziunganishe pamoja kwa nati, na mahali pake niweke voltimita.

Nikaingia chini ya dashibodi na bisbisi. Betri sijaitoa. Najua, najua. Nilisema ni nati mbili tu, dakika moja. Bisbisi ikagusa tamino na chuma cha bodi kwa pamoja, mwanga mweupe, mlio, moshi, na mimi nimejigonga kichwa kwenye usukani.

Kilichoniokoa ni kile kipande cha waya fyuzi kilichoko njiani karibu na betri, kiliungua chenyewe ndani ya ganda lake bila kushika moto, ndio kazi yake. Mwezi mmoja kabla nilikua nataka kukiondoa manake kilionekana kibovu. Kama ningekua nimekiondoa nikaweka waya tupu, leo nisingekua na gari na pengine banda la shangazi pia lisingekuwepo. Shangazi alitoka akaniangalia, akasema "Utatuchoma," akarudi ndani. Hajaongea na mimi mpaka jioni.

Mahali pake nimeweka fyuzi ya kufunga kwa nati ya ampea 80, 400. Voltimita 1,600. Bisbisi ina pengo kama jino la mtoto, nimeitundika ukutani. Jumla 25,190.

Na spana namba kumi sasa inakaa juu ya betri yenyewe, sishiki kitu kabla sijatoa kichwa cha negativu.

17 Agosti 2024. Rilei, na kwa nini michoro ya kawaida haifanyi kazi

Kiwandani 240Z haikuwekewa rilei za taa kubwa. Umeme wote wa taa unatoka kwenye boksi la fyuzi, unapanda kwenye swichi ya usukani, unashuka mpaka mbele. Ndio maana swichi zake zinaungua. Rilei inatoa huo mzigo, umeme mzito unaenda moja kwa moja kutoka betri mpaka taa, swichi inabaki kutoa amri tu, haibebi hata robo ya ampea.

Boksi jipya la fyuzi za kisasa za kuchomeka 1,400, nimelifunga pale pale ndani ya konsoli, kifuniko cha zamani kinalifunika mtu asijue. Rilei nne kwa 450, soketi zake nne kwa 150. Fulu, dimu, taa ndogo, na moja ya feni. Taa mpya za H4 na balbu zake 4,800.

Nikafuata mchoro ambao kila mtu anautumia: kwa namba za miguu ya rilei, 30 betri, 87 taa, 86 waya ya zamani ya taa, 85 athi, yaani bodi ya gari. Nikawasha. Dimu, kimya. Fulu, kimya. Nikahamisha 86 kwenye waya nyekundu, sasa fulu na dimu zote zinawaka pamoja na swichi haizimi moja. Siku mbili hivo.

Jibu ni kwamba gari nyingi swichi inakata positivu, lakini hii taa inapewa positivu muda wote ikiwa imewashwa, na swichi ya fulu na dimu inakata upande wa athi. Zile waya mbili nilizodhani zinaleta umeme zinaupeleka chini. Kwa hivyo koili ya rilei inabidi ikae katikati: 86 za rilei zote mbili kwenye ile nyekundu yenye umeme, 85 ya rilei ya dimu kwenye waya ya dimu, 85 ya rilei ya fulu kwenye waya ya fulu. Hakuna 85 inayoenda kwenye bodi. Halafu kwenye taa yenyewe mguu wa pamoja ambao zamani ulikua positivu sasa unaenda athi, na 87 zinaleta umeme kwenye fulu na dimu.

Nimeandika kwa kirefu manake nilitafuta hii maelezo kwa lugha ninayoielewa nikakosa.

Vipimo, injini imezimwa: betri 12.4, kwenye balbu 12.1. Zamani 9.7. Ukipunguza volti kiasi kile mwanga unashuka chini ya nusu, kwa hivyo miaka yote ile mjomba alikua anaendesha usiku na nusu ya taa na akisema ni macho yanazeeka.

Jumla 33,790.

7 Septemba 2024. Haiwaki, na koili sio mbovu

Nimerudisha dashibodi nusu, nikapiga stata, inazunguka vizuri kuliko zamani, haiwaki. Nikatoa plagi moja ya injini nikaiweka juu ya chuma, hakuna cheche. Hakuna cheche ni koili ya ignisheni, ile inayotoa umeme wa cheche, sivyo? Nikanunua koili, 2,800. Hakuna cheche.

Mzee wa Majengo akaja tena, safari hii alichukua 1,500 na sikumlaumu. Akaweka taa yake ndogo kwenye positivu ya koili, swichi ya funguo iko oni, haikuwaka. Yaani koili hata haikua inapata umeme, na mimi sikupima hata hicho, nilikimbilia dukani. Akauliza, "Umetoa mita gani kwenye dashibodi?" Nikamwambia takometa tu, ile ya mizunguko ya injini, iko mezani nasafisha kioo.

Basi ndio hiyo. Kwenye 240Z umeme wa koili unapita kwanza nyuma ya takometa, unazunguka kitanzi humo ndani, ndio mita inahesabu mapigo, halafu unaendelea kwenye balasti, ile ya kupunguza umeme wa koili, na koili yenyewe. Ukitoa takometa umekata ignisheni. Na plaga yake ikiwa na kutu gari linazima barabarani bila sababu, kisha linawaka lenyewe, nadhani hii ndio ile "tabia" mjomba alikua anaisema, ati gari halipendi Kaloleni.

Nimebadilisha tamino zote mbili za takometa nikapaka grisi ya umeme. Ikawaka mguso wa kwanza. Koili mpya iko kwenye boksi, anayeitaka aseme. Jumla 38,090.

28 Septemba 2024. Haizimi

Altaneta ya zamani ilikua na regyuleta ya nje, ile ya kudhibiti volti za kuchaji, kiboksi cha bati chenye pointi ndani, na pointi zenyewe zimekua mawe ya kijani. Nimepata Grogan altaneta ya Hitachi ya ampea 60 yenye regyuleta ndani, aina iliyofungwa kwenye Datsun 280ZX, 9,500 na usafiri 600. Inaingia kwenye mabano yale yale. Kiboksi cha nje unakitoa, na kwenye plaga yake unaunganisha waya mbili mbili: ya kupima volti kwenye ya betri, na ya kuamsha altaneta kwenye ya ignisheni.

Nikafanya hivo, nikawasha, 14.1 kwenye voltimita mpya, raha tupu. Nikazima funguo. Injini inaendelea. Nikatoa funguo nikaishika mkononi. Inaendelea! Watoto wa jirani wanapiga makofi. Nikaingia, nikakanyaga breki, gia ya nne, nikaachia klachi, ikafa kwa kushtuka.

Altaneta ikizunguka inarudisha umeme kwenye ile waya ya kuamsha, unaingia kwenye laini ya ignisheni, koili inabaki hai hata funguo ikiwa mfukoni. Dawa ni dayodi moja ya ampea 3, shilingi 30, kwenye ile waya, ipitishe umeme kuelekea altaneta na isiruhusu kurudi. Mstari wa dayodi unaangalia altaneta. Mimi niliuweka unaangalia ignisheni, kwa hivyo injini ikazima vizuri lakini haichaji, 12.3 na inashuka. Nikageuza. Sasa inazima na inachaji, 14.1 bila mzigo, 13.8 taa fulu na feni.

Jumla 48,220.

12 Oktoba 2024. Nyuma, athi, na ile inayokula betri

Hanesi ya nyuma nilikua naiogopa bure, imepita ndani ya gari kavu, nimebadilisha ncha tu na waya zilizobaki. Nyuma ya paneli kulikua na kiota cha panya chenye risiti ya petroli ya mjomba ndani yake.

Zile indiketa kuwaka ukikanyaga breki ilikua athi. Taa za nyuma zinategemea waya nyeusi kwenye bolti moja ya bodi, bolti imeoza, umeme wa breki ukikosa njia ya kurudi unatafuta kupitia balbu za jirani. Nimekwangua mpaka chuma cheupe, bolti mpya, grisi juu, rangi juu ya grisi baada ya kufunga sio kabla. Na mkanda mpya wa shaba kutoka injini mpaka bodi. Ule wa zamani ulikua umebaki kama uzi wa kuvulia, na geji ya mafuta ikatulia siku hiyo hiyo. Mkanda 700, bolti na rangi 450.

Betri kuisha: gari limezimwa, multimita kwenye ampea kati ya negativu na waya yake, 0.38. Kwa betri ya ampea-saa 45 hiyo ni siku tano, ndio ile Ijumaa mpaka Jumatano. Nikawa natoa fyuzi moja moja, nikatoa zote, bado 0.38. Yaani kuna kitu hakipiti kwenye fyuzi kabisa. Nikafuata mkono kwa mkono kutoka kwenye swichi ya funguo nikakuta kiboksi cha alamu na katauti, ile ya kukata umeme mwizi asiwashe gari, nyuma ya glavu boksi, kimefungwa na waya ya simu, king'ora chake kilishatolewa miaka mingi lakini chenyewe kinaendelea kulinda. Nimekitoa. 0.01.

Jumla kuu 49,370, na 2,800 kati ya hizo ni koili ya ujinga.

Jana saa mbili usiku mjomba aliiendesha mwenyewe mpaka Kikambala na kurudi. Hakusema kitu njiani, ila kila gari lililokuja mbele alikua anashusha dimu mapema sana, halafu anapandisha tena fulu kabla halijapita vizuri, akatukanwa mara mbili.

Bado: saa ya dashibodi haifanyi kazi, waipa ziko polepole. Na imebaki waya moja nyuma ya redio, kijani yenye mstari mweupe, ina umeme funguo ikiwa oni, haiko kwenye picha zangu na hakuna kitu chochote kwenye gari kisichofanya kazi kwa sababu yake. Nimeivisha mpira nikaifunga pembeni.